Nilimficha mke wangu baiskeli

  Kwa kawaida katika safu hii huwa najibu ya kwenu: huyu kaachwa, yule kafumaniwa, mwingine mchumba wake hapokei simu ikishafika saa nne usiku. Mwezi huu tubadilishane viti. Aliyefumaniwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano jioni. Niko bafuni, simu nimeiacha mezani karibu na rimoti. Mke wangu hana tabia ya kupekua simu yangu na mimi sipekui yake, hilo tulikubaliana tangu uchumba. Lakini simu za siku hizi zina umbea, ujumbe unajianika wenyewe juu ya kioo hata hujagusa kitu. Ukaingia huu:

"Bro mtoto wako yuko tayari. Nimemsafisha anang'aa balaa, nimemvalisha viatu vipya. Mfuate kesho jioni ila usisahau laki tatu iliyobaki. Ukichelewa kuna mtu mwingine anamtaka."

Na aliyetuma, kwenye simu yangu nilikuwa nimemwandika "Ilala". Basi. Si jina la mtu, si jina la biashara. Ilala.

Nilipotoka na taulo kiunoni nikamkuta mama watoto amekaa kwenye sofa, televisheni imezimwa, simu yangu ameiweka juu ya goti kama mtu aliyeshika matokeo ya vipimo. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza.

Mwenzenu nikaangua kicheko. Kicheko cha kweli, maana nilijua sina hatia ya aina ile aliyokuwa anaiwaza. Nikamwambia, jamani, mke wangu, hiyo ni baiskeli! Nimenunua baiskeli! Viatu ni matairi! Nikamwonyesha na picha.

Akaitazama picha muda mrefu. Nikaona mabega yake yanashuka, nikajua hapo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

"Baiskeli ya shilingi ngapi?"

"Laki tisa."

"Umeshalipa laki sita."

"Ndiyo."

"Laki sita umeitoa wapi?"

Hapo sasa kicheko kikakauka.

Niwaeleze vizuri ili mnihukumu mkijua. Mwaka 2021 nilipunguzwa kazini. Mwaka huohuo mke wangu alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, jambo alilolisubiri tangu tuoane. Akaiacha ile nafasi. Akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ada ndiyo iliyotulisha miezi minane mpaka nilipopata kazi nyingine. Hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Mimi nikamwahidi kwamba mambo yakikaa sawa, ada yake itakuwa ya kwanza. Tukafungua akaunti ya pamoja, kila mwezi kila mmoja anaweka chake. Sasa yuko darasani, na ada ya muhula wa pili ilitakiwa ilipwe Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Laki sita nilizitoa humo. Nilijiambia mshahara ukiingia narudisha, hata hatajua. Laki tatu zilizobaki nilikuwa nimepanga kuzitoa humohumo.

Akaniuliza swali moja tu. "Baiskeli gani hiyo?"

Nikaanza kumsimulia, na usiku ule ndipo nilipogundua kwamba miaka kumi na mbili ya ndoa sikuwahi kumsimulia.

Chuma cha babu na fremu ya fedha

Nimekulia Moshi. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha pili, na kwetu Jumapili baada ya ibada vijana tulikuwa na mashindano yetu. Hakuna chama, hakuna mdhamini, hakuna mwamuzi. Mnachangishana hela ya kreti la soda, mnaanzia mjini, mnapanda barabara ya vumbi ya kwenda Kibosho katikati ya mashamba ya kahawa na migomba, mkifika juu mnageuza, mnashuka. Wa kwanza kurudi ndiye mwenye kreti, na kawaida yake aliwagawia wenzake wote kwa sababu hakuna anayeweza kunywa soda ishirini na nne peke yake. Kulikuwa na kelele nyingi kuliko soda.

Mimi nilipanda Phoenix ya babu, ile ya Kichina, nyeusi, ndefu, breki za vyuma, keria nyuma inayobeba gunia. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo ishirini na haikuwa na gia hata moja. Kupanda nayo Kibosho ni kuisukuma. Kushuka nayo ni kusali, maana mpira wa breki ukishapata moto mteremkoni, unabana mkono wako wote na baiskeli haina habari.

Halafu kulikuwa na rafiki yangu mmoja tuliyesoma darasa moja. Mjomba wake alikuwa anafanya kazi na watalii wa mlimani, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia baiskeli yake. Mjomba akampa yule kijana. Ilikuwa GT Zaskar.

Kwa wasioijua: GT ni kampuni ya Marekani, na Zaskar ilitoka mwaka 1991. Fremu yake ni ya aluminiamu, na zile zilizosifika zaidi hazikupakwa rangi kabisa. Zilisuguliwa tu mpaka zikang'aa kama sufuria ya biharusi. Ukiitazama ubavuni, yale mabomba membamba yanayotoka kwenye gurudumu la nyuma hayaishii chini ya kiti kama kwenye baiskeli nyingine. Yanapita pembeni ya bomba la kiti na kwenda kushikana na bomba la juu, yanatengeneza pembetatu ya tatu, ndogo. Ukishaijua ile pembetatu, unaitambua GT hata ikiwa ng'ambo ya barabara kwenye vumbi.

Gia zilikuwa 21. Matairi manene yenye meno. Breki za waya ambazo ukizigusa kwa vidole viwili baiskeli inatii. Uzito wake ulikuwa kama nusu ya chuma cha babu. Kila Jumamosi rafiki yangu aliiosha kwenye mfongo uliopita nyuma ya kwao, na kila Jumamosi mimi nilikuwa na sababu ya kupita pale. Mara naazima daftari, mara nauliza saa.

Pamoja na baiskeli, yule mgeni aliacha magazeti mawili ya baiskeli ya Kiingereza. Tuliyasoma mpaka yakachanika. Mlemle ndimo nilimozijua Klein zilizopakwa rangi za kuyeyukiana kama machweo, na Yeti, na nikasoma kwamba Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ndiyo ya kwanza kuwa na mbio za baiskeli za milimani, na Mholanzi Bart Brentjens na Mwitaliano Paola Pezzo ndio walioondoka na dhahabu. Nilizijua baiskeli hizo kama wenzangu walivyowajua wachezaji wa Manchester. Nilikuwa sijaiona hata moja zaidi ya ile ya rafiki yangu.

Wenzetu nao walianza na vyuma

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilikuja kusoma historia yenyewe nikacheka peke yangu. Hizi baiskeli hazikuzaliwa kiwandani. Zilizaliwa na vijana kama sisi waliokuwa wakishindana kushuka mlima. Ilikuwa California, jirani na mji wa Fairfax, chini ya mlima Tamalpais. Mbio zao za kwanza rasmi zilikuwa Oktoba 1976. Walitumia baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, vyuma vya kuokota, breki yake ni ya kukanyagia pedeli nyuma. Mteremko wao ulikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya kilomita tatu na ulishuka kama mita mia nne. Wakifika chini, grisi yote ndani ya kitovu cha gurudumu imeungua na kutoka moshi, inabidi kufungua na kuijaza upya. Kwa hiyo mteremko wakauita Repack, yaani kujaza upya. Rekodi ya pale, dakika 4 na sekunde 22, ni ya Gary Fisher, ambaye jina lake baadaye liliandikwa kwenye baiskeli dunia nzima.

Mmoja wao, Joe Breeze, mwaka 1977 akatengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi ile. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ikawa baiskeli ya kwanza ya milimani kutengenezwa kwa wingi. Na kwetu Kilimanjaro hazikuchelewa kufika: mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, mtu na binamu yake, Nicholas na Richard Crane, walipanda mlima wetu mpaka kileleni wakiwa na baiskeli, penye njia wakiendesha, pasipo njia wakibeba. Walikuwa wanachangisha fedha za pampu ya maji ya upepo kwa ajili ya Wajir, kule Kenya. Wazee wa kwetu waliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Nani anabeba baiskeli mita 5,895 kwenda juu wakati baiskeli ndiyo inayotakiwa kumbeba yeye?

Basi bwana, turudi Kibosho. Jumapili moja, sikumbuki tarehe ila kahawa zilikuwa zinachumwa, niliamua siku hiyo sishindwi. Kupanda nilijitahidi. Rafiki yangu alinipita kwenye kona ya tatu, ameweka gia nyepesi, miguu inazunguka haraka na baiskeli inakwenda polepole, hata jasho hana. Nikasema nitampata kwenye kushuka. Kwenye kushuka nikaachia breki zote.

Nilimpata kweli. Nikampita. Kwa kama nusu dakika nilikuwa wa kwanza, na sijawahi kuisahau ile nusu dakika. Halafu kona ikaja, nikabana breki, mpira ukanuka kuungua, na mimi na chuma cha babu tukaingia kwenye mfongo.

Gurudumu la mbele likapinda kama chapati. Kiwiko kikachanika. Nimekaa kwenye maji nalia, si kwa maumivu, bali kwa sababu ya babu. Rafiki yangu angeweza kuendelea na kuchukua kreti. Akasimama. Akaitazama Phoenix, akanitazama mimi, akasema, "Panda yangu. Hii nitaisukuma mimi."

Nikashuka na Zaskar mpaka mjini. Labda dakika kumi, labda kumi na tano. Breki kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kuipanda.

"Kumbe hilo kovu," mke wangu akasema, akinishika kiwiko. "Uliniambia ulianguka kwenye mparachichi."

Kweli nilimwambia hivyo. Tulikuwa bado wachumba, nikaona kuanguka kwenye baiskeli ya babu si habari ya kumpa msichana wa chuo. Mwongo mmoja mdogo, umelala kwenye mkono wangu miaka yote hiyo.

Nilivyoiona Ilala

Baiskeli yenyewe niliiona kwa bahati mbaya, au nzuri, mtajua wenyewe. Kuna fundi mmoja Ilala ananunua baiskeli za mitumba zinazokuja kwenye makontena. Nilikuwa nimempelekea ya mwanangu kuziba pancha. Kwenye lundo, chini ya baiskeli za watoto, nikaiona ile pembetatu.

Wasomaji, magoti yalilegea. Ilikuwa chafu, kiti kimechanika, stika imekwanguka nusu, lakini aluminiamu ilikuwa ileile. Si ile ya rafiki yangu, msije mkadhani natunga filamu. Ya kwake sijui iliishia wapi. Lakini ni ndugu yake wa damu.

Fundi, mjanja, akanisoma usoni na bei ikapanda papohapo. Akanionya kitu kimoja, na namshukuru kwa hilo: fremu ya aluminiamu ikichoka si lazima uone mara moja. Inaanza kwa ufa mwembamba kama unywele kwenye maungio, siku moja inakatika. Tukaikagua kila kiungo kwa tochi ya simu. Ilikuwa nzima. Nikatoa laki sita palepale kwa simu, na vidole havikutetemeka hata kidogo.

Namaliza kumsimulia mke wangu ni saa sita usiku. Nilidhani nimemgusa. Nikamwambia, "Sasa unaelewa."

Akasema, "Naelewa. Sasa nikuulize. Unajua kwa nini mimi sijui kuendesha baiskeli?"

Sikujua. Miaka kumi na mbili, sikujua hata kwamba hajui.

Yeye amekulia vijijini, wilaya ya Muheza, Tanga. Nyumbani kwao kulikuwa na baiskeli, Swala, zile zilizokuwa zikitengenezwa hapahapa nchini na kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Kaka zake waliipanda kwenda shule, kwenda mashine, kwenda kuangalia mpira. Yeye alitembea kwa miguu kwenda shule asubuhi, na jioni alitembea tena na debe la mahindi kichwani kwenda kusaga. Siku moja, ana kama miaka kumi na mmoja, aliichukua akajaribu uani. Bibi yake akamshusha kwa fimbo. Msichana hapandi baiskeli, akaambiwa, atapoteza usichana wake na hakuna atakayemwoa.

"Wewe unalilia baiskeli uliyoikosa," akasema, "mimi hata ya kulilia sikuruhusiwa kuwa nayo. Niliruhusiwa kitu kimoja, kusoma, na hicho nimekiacha mara moja kwa ajili yako. Na mara ya pili umekichukua wewe bila kuniuliza."

Akazima taa. Mimi nilibaki macho mpaka adhana ya alfajiri.

Hesabu ya asubuhi

Alhamisi nilikwenda Ilala kuirudisha. Fundi akasikitika sana, akasema anaweza kuinunua. Kwa laki nne. Ileile aliyoniuzia kwa laki tisa siku chache nyuma, na "yule mtu mwingine anayemtaka" hakuwepo, hakuwahi kuwepo. Nikampigia mke wangu nikamweleza. Nilitegemea aseme uza tu.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Usiuze kwa hasara, hela hiyo ni yetu wote. Tafuta kingine cha kwako, cha kwako peke yako."

Nikauza ile spika kubwa ya sebuleni na vikorombwezo vyake vyote, ile ambayo wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua kwa sababu nimeshawahi kuandika humu jinsi ilivyotugombanisha na majirani siku za ligi. Nikauza na saa yangu. Ikapatikana laki saba na nusu. Laki sita zikarudi kwenye akaunti, ada ikalipwa Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho. Laki moja na nusu nikampa fundi, iliyobaki nikamlipa mwisho wa mwezi kutoka mfukoni mwangu. Ameongea sana lakini amekubali.

Kwa hiyo Zaskar iko nyumbani, na najua mnataka kuuliza: je, ni tamu kama ile ya mwaka 1998?

Jibu la kweli ni hapana. Niliipanda Jumamosi ya kwanza mpaka Mwenge na kurudi. Mgongo uliniuma siku mbili. Enzi zile walitengeneza baiskeli za milimani ndefu mbele, unalala juu ya usukani kama unatafuta kitu chini. Fremu ile ni ngumu, kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Magurudumu yake ni ya inchi 26, wakati baiskeli nyingi mpya za milimani siku hizi zimehamia inchi 29, kwa hiyo hata tairi zuri ni la kutafuta. Lakini nilipofika kwenye kale kamteremko ka karibu na kwetu, nikaachia, kisha nikagusa breki kwa vidole viwili. Ikatii. Hapo, kwa sekunde kama tatu, nilikuwa nina kiwiko kinachotoka damu na mtu nyuma yangu anasukuma chuma cha babu.

Nimeanza kumtafuta yule rafiki. Sikuwahi kumwambia asante. Nitawajulisha.

Tunajifunza nini?

Mhariri wangu anapenda safu iishe na somo, na safari hii nina haki ya kulitoa kwa sababu nimelilipia.

Kwanza, usicheke ukifumaniwa na kosa dogo kuliko lile ulilodhaniwa. Mwenzako hakupimii kwa kosa ambalo hukufanya. Mimi nilijiona malaika kwa sababu hakukuwa na mwanamke Ilala, na hela ilikuwa imeshaondoka.

Pili, kila mtu aliyeoa au kuolewa ana kitu alichokitamani akiwa na miaka kumi na sita akakikosa. Gitaa, jezi, viatu, gauni la mahafali, baiskeli. Kukitamani tena ukiwa na mshahara si ujinga. Ila msimulie mwenzako kabla hujaenda dukani. Ningemwambia mke wangu habari za mfongo mapema, nina hakika tungepanga, tungesubiri miezi sita, na ile baiskeli ningeiingiza ndani kwa mlango wa mbele.

Tatu, na hili ndilo lililoniumiza, ukishamaliza kusimulia ya kwako, muulize ya kwake. Usidhani hana. Inawezekana ya kwake ilizuiwa mapema sana hata hakupata nafasi ya kuitamani vizuri.

Jumapili iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na kwetu. Watu wote wamelala. Nilikuja na Zaskar nikiwa nimeshusha kiti mpaka mwisho. Akaipanda, miguu haifiki chini, akashuka. "Hii ni ya kwako," akasema. Basi tukaenda kwa yule kijana anayekodisha baiskeli kwa watoto wa mtaa, tukamwamsha, akatupa moja ndogo nyekundu, kengele haifanyi kazi, elfu mbili kwa saa.

Nilikimbia nyuma nimeshika kiti. Wale mnaofundisha watoto mnajua kazi yake, sasa fikiria ni mtu mzima mwenye mitihani ya uzamili na mdomo wa kukugombeza kila ukitikisa. Ameanguka mara tatu. Amechubuka goti. Mara ya nne nikaachia bila kumwambia, akaenda mwenyewe, kama mita ishirini, anaongea na mimi akidhani bado nimemshika.

Aligeuka kunitazama, akaona niko mbali, akapiga ukelele na kwenda moja kwa moja kwenye ua la michongoma.

Nikamkimbilia. Alikuwa amekaa chini anacheka, kanga imejaa vumbi, goti linatoka damu. Zaskar tuliisahau imeegemea ukuta wa darasa, tukairudia baadaye jua likiwa limeshapanda.

Wiki hii ameniuliza baiskeli ndogo, imara, ya mtu mzima ni shilingi ngapi. Nimemwambia tutaangalia pamoja, na mwezi huu kila mmoja ameongeza elfu ishirini kwenye akaunti, mbali na ya ada.

Haya, wapenzi, tukutane mwezi ujao tukiwa wazima. Na hilo jina lisiloeleweka kwenye simu yako, kalibadilishe leo.